Jibu kwa mjane wa Kabare: usikubali shamba lako ligeuzwe bwasa (ardhi ya kuazimwa)

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Umesema mume amefariki miezi mitatu iliyopita, una mabinti wawili, mtoto wa kiume huna. Mashemeji wanadai shamba la Kabare, hapa Kivu Kusini nchini Kongo, ni la ukoo, lakini watakuacha ulime mradi kila mavuno uwape "kakitu kadogo". Waliojibu kabla yangu wamekushauri ukubali ili kuwe na amani. Mimi nakusihi ukatae, kwa sababu hako kakitu kadogo ndiko kalikokaribia kutupokonya shamba letu.

Baba alifariki mwaka 2009, huko Walungu. Mimi ndiye mkubwa, na wakati huo nilikuwa tayari Bukavu, nauza maharagwe soko la Kadutu. Shamba lile baba alilitolea kalinzi (ada ya kimila ya kupewa ardhi) mwenyewe, mama akiwa ameshaolewa. Ng'ombe alipelekwa kwa chifu mbele ya bashamuka, wazee wa kimila, na pesa ya kumnunua ng'ombe huyo ilitoka kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, aliyokuwa akiuza mama. Hilo nataka likumbukwe.

Matanga yalipoisha, baba mdogo alikuja kwa upole. Akasema yeye sasa ndiye baba yetu. Mama, kwa heshima, akawa anampelekea beseni la maharagwe kila msimu, na siku mbili anakwenda kumlimia. Hakuna aliyeona ubaya.

Kwa wasio wa Bushi, nchi yetu Washi, nieleze. Kalinzi ukishaitoa, ardhi ni yako na ya watoto wako. Bwasa ni kuazimwa: unalima msimu, unalipa kwa mazao au kwa jembe, na unapanda vitu vya kuvuna na kuondoka. Mgomba hupandi, maana mgomba ni wa mtu anayebaki. Sasa angalia: mjane anayetoa beseni na siku mbili za kazi, mbele ya macho ya kijiji, anafanana na nani?

Halafu ugonjwa wa mnyauko ukaingia, migomba yetu ikaoza, mama akaing'oa yote. Alipotaka kupanda upya, baba mdogo akamwambia, "Migomba acha kwanza, panda maharagwe tu." Mzee mmoja aliyeshuhudia kalinzi ya baba alimfuata mama njiani akamwambia, "Huyo anakufanya mtu wa bwasa."

Nilipanda gari Jumamosi. Jumapili alfajiri tulikuwa shambani na machipukizi kumi na manne, tukayapanda kwenye mpaka, sambamba na mikaratusi ya baba. Mama hakusema neno. Kila chipukizi alilishindilia udongo kwa kisigino, mara tatu, kisha anasogea kwenye shimo linalofuata. Kufika mchana, sita yalikuwa yameng'olewa na kutupwa njiani. Tuliyaokota tukayarudisha kwenye mashimo yale yale. Msimu ule beseni halikwenda.

Chifu wa kijiji alituambia mwanamke hashiki ardhi, anashikiwa. Tukaenda mahakama ya amani. Mambo ya urithi, na hata ugomvi wa mashamba ya kimila, yako ndani ya uwezo wake. Kilichotuokoa huko ni karatasi moja: wazee watatu walioona ng'ombe akipokelewa walikubali maneno yao yaandikwe, wakaweka vidole. Wawili kati yao walifariki kabla kesi haijaisha. Tungechelewa mwaka mmoja, tungebaki na hadithi.

Sasa sheria. Usisimame mbele yao kama mjane peke yake, maana hapo utapewa kidogo. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu za urithi, na haitofautishi msichana na mvulana. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mke, wazazi wa marehemu na ndugu zake, yaani, makundi hayo matatu yote yakiwapo, fungu lako katika urithi ni sehemu moja ya kumi na mbili. Juu ya hilo una haki ya kukaa katika nyumba mliyoishi, na kutumia nusu ya shamba lililoambatana nayo. Na mali mliyoipata pamoja ndani ya ndoa, kama hamkuchagua utaratibu mwingine, nusu yake ni yako kabla hata ya kugawa urithi. Kwa hiyo wanaokuambia "huna mtoto wa kiume" wanakuficha jambo kubwa: hao mabinti wawili ndio warithi wakuu wa shamba. Sema hivyo, kwa sauti, kwenye kikao.

Uliuliza kuhusu ndoa ya kimila tu, bila kwenda kwa ofisa wa serikali. Kwa upande wako itakusumbua, tafuta waliokula mahari waishuhudie. Watoto hawaguswi na hilo ikiwa baba yao aliwakubali akiwa hai. Tafuta vyeti vyao vya kuzaliwa leo.

Najua tangu waasi wa M23 waichukue Bukavu, Februari 2025, mahakama huku zimevurugika, na wengi wanaona hakuna pa kwenda. Ndiyo maana usisubiri mahakama. Waone bashamuka walioshuhudia kalinzi ya mume wako, mmoja mmoja, jioni, bila kelele. Waandike, majina ya mipaka yote minne yawemo. Nakala moja iweke nje ya kijiji, kwa mtu wa upande wenu.

Kuhusu kurithiwa na shemeji, jambo uliloligusia kwa aibu: jibu ni hapana, na huna haja ya kulieleza kwa mtu yeyote.

Septemba msimu unaanza. Usiuruke hata kama unaumwa, lipa mtu alime, kwani shamba lililolala msimu mmoja linapata mwenyewe mwingine. Na wapeleke wasichana wako wakaone mpaka. Wapande migomba wao, kwa mikono yao, majirani wakiangalia.