Sadfa imtie shimoni, isimtoe

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mwandishi wa hadithi aepuke sadfa, yaani mambo kukutana kwa bahati tu, na wahusika waliozoeleka, mfano mama wa kambo katili. La, avitumie, ila ajue vinapoharibika.

Nianze na sadfa, maana ndiyo inayoua hadithi nyingi. Msomaji huikubali ikimtia mhusika matatani, huikataa ikimwokoa. Sada anamtoroka mumewe, dereva wa lori. Anapanda feri ya Likoni na kumkuta kaegemea chuma cha pembeni. Hapo sawa, roho zinatudunda. Lakini lori la mume likikwama ghafla gatini huku Sada akivuka salama, huo ni mkono wa mwandishi, na unaonekana.

Mkwamo usiondolewe, upandiwe mbegu. Siku moja mbili baada ya mwezi mpevu, maji ya bamvua hupwa sana. Njia ya kuingilia ferini huwa mteremko mkali, na lori refu lenye shehena huweza kukwaruza tumbo, ikabidi lingoje maji yajae. Basi ukurasa wa pili, watoto wacheze nje usiku bila taa, mbalamwezi imewaka. Ukurasa wa sita, mvuvi anung'unike kuwa dau lake limekaa topeni na wateja wanangoja. Kila dokezo liwe na shughuli yake pale lilipo. Dokezo la tatu usitie, msomaji atakudaka. Kisha Sada mwenyewe azisome dalili hizo, achague saa ya kuvuka. Sasa ni akili yake, si bahati.

Wahusika sasa. Ule mgawanyo wa mhusika bapa, wa sifa moja tu, na duara, mwenye sura nyingi, aliouandika Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927, wengi huuchukulia kama bapa ni kosa. Makanga anayepita sentensi tatu hahitaji kusimuliwa utoto wake! Tatizo ni bapa kubebeshwa uamuzi unaogeuza hadithi. Mama wa kambo akimfukuza mtoto, awe na haja inayoeleweka: kodi imekwama, na chumba cha mtoto ndicho pekee kinachoweza kupangishwa. Halafu mpe tendo moja linalompinga, tena limgharimu. Alfajiri mtoto, aliyelala barazani kwa jirani, anakuta sahani chini ya kawa: mahamri mawili na mbaazi. Ndani, mama anakunywa chai kavu.

Wengi hapa huongeza aya ya kueleza kuwa moyoni alikuwa mwema. Ifutwe, ibaki sahani.

Msomaji, Mombasa