Niache kazi ya hifadhidata nikatengeneze michezo ya kompyuta?

SWALI: Kwa miaka tisa nimesimamia hifadhidata za kampuni moja kubwa, na kazi ni ya kudumu. Sasa kampuni ndogo ya michezo ya kompyuta imeniahidi nafasi ya utayarishaji programu, kazi niliyoitamani tangu nikiwa mwanafunzi, kwa mkataba wa mwaka mmoja na mshahara uliopungua kwa theluthi. Tuna watoto wawili wanaosoma. Mke wangu anasema uamuzi ni wangu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, barua yako imeeleza vizuri unachokiacha, lakini imeigusa kidogo mno kazi unayoiendea. Mtayarishaji wa michezo hutumia sehemu kubwa ya siku akisaka hitilafu, akipunguza mzigo ili mchezo usikwame kwenye mashine dhaifu, na akifuta alichokihangaikia kwa wiki nzima kwa sababu waliojaribu mchezo hawakukifurahia. Mradi unapokaribia kutoka, kukesha kazini ni jambo linalojulikana sana katika tasnia hiyo; na katika miaka ya 2023 na 2024 hata kampuni zake kubwa ziliachisha kazi maelfu ya watu. Wapo wanaoyajua yote hayo na bado hawataki kazi nyingine, na huenda nawe ni mmoja wao, ila hutalijua hilo mpaka utengeneze mchezo mmoja mdogo na kuukamilisha. Injini ya Godot, yaani programu ya kutengenezea michezo, ambayo ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) tangu 2014, inapatikana bila malipo. Kabla ya kuanza, soma mkataba wako wa sasa, kwa maana baadhi ya mikataba ya kazi za programu humpa mwajiri umiliki wa kile mfanyakazi anachokibuni, hata nje ya saa za kazi.

Kuhusu fedha, kinachonitia wasiwasi zaidi ya theluthi ile ni mwezi wa kumi na tatu, mkataba utakapokuwa umekwisha. Waombe wakuruhusu uanze baada ya miezi mitatu, na katika miezi hiyo familia iishi kwa mshahara mpya huku tofauti ikiwekwa akiba: mtaona kama maisha yanawezekana, na mtakuwa na cha kushika iwapo mambo yataharibika. Waulize pia kuhusu bima ya afya, muda wa notisi, na hatima yako mradi ukisitishwa kabla ya mwaka kwisha.

Jambo ambalo naona hukulipigania ni ujuzi wako. Mchezo unaochezwa mtandaoni na watu wengi husimama juu ya hifadhidata, kwani akaunti, alama na manunuzi ya wachezaji lazima vihifadhiwe mahali salama na kusomwa upesi. Waeleze kwamba unaweza kubeba kazi hiyo tangu siku ya kwanza huku ukijifunza utayarishaji, na kwa hoja hiyo dai mshahara wa mtu mzoefu, au mkataba wa miaka miwili. Mimi nisingetia saini mkataba huo kama ulivyo sasa; wakikubali mojawapo, ningekwenda.

Na mkeo akisema uamuzi ni wako, hajasema kwamba ameridhika. Mwekee mezani hesabu zote, pamoja na zile za mwezi wa kumi na tatu, kisha umuulize upya kabla hujawajibu hao waajiri.