Jibu: Je, nahitaji VPN kutazama filamu za laptopu kwenye TV?

Dadangu wa Mkomani, kutoa filamu kwenye laptopu hadi TV ya sebuleni hakuhitaji VPN. VPN ni huduma ya kusimba data yako, yaani kuificha kwa msimbo, inapotoka kwenda intaneti. Iwashe ukiwa kwenye Wi-Fi ya mkahawani. Zile za bure mie siziamini, kwani mwenye VPN ndiye aonaye unakokwenda. Na filamu ya wizi ukiipakua kwa VPN ni ya wizi vilevile.

Weka Jellyfin kwenye laptopu, programu ya kurusha filamu zako hadi TV, ni bure. Filamu hupita kwa ruta tu, bando haliguswi. Balaa ni hizi kuta zetu za matumbawe! Kwangu Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz ilifia mlangoni, nikarudi masafa ya 2.4 GHz, ikafika ila polepole. Mwishowe nimevuta kebo mpaka sebuleni.