Wasomaji Wanauliza: Sindano ya Mama, Kinga ya Kichanga

SWALI: Nina mimba ya wiki 31, ni ya tatu. Kadi za mimba zilizotangulia zilipotea tulipohama. Nesi anataka nianze upya sindano za pepopunda. Si nitakuwa nimezidisha?
Mama Zawadi, Newala

JIBU: Anza leo. Dozi isiyo na tarehe iliyoandikwa popote huhesabiwa kama haikuchomwa. Ikitokea umezidisha, mkono utauma na kuvimba siku mbili tatu, basi. La kuangalia zaidi ni kalenda. Dozi ya pili huchomwa wiki 4 au zaidi baada ya ya kwanza, nayo itangulie kujifungua kwa wiki 2 angalau. Ukichomwa leo, ya pili inaangukia wiki ya 35. Ukiisogeza hadi ya 38 kwa ajili ya mavuno ya korosho, mtoto anaweza kuja kabla kinga haijapanda. Dozi moja peke yake haimtoshi kichanga. Ya pili ndiyo inayoupa mwili kingamwili za kutosha, nazo huvuka kondo la nyuma kwa wingi miezi ya mwisho.

Ukishajifungua usisubiri mimba nyingine. Ya tatu huchomwa miezi 6 au zaidi baada ya ya pili, kwa hiyo siku utakayompeleka mtoto chanjo ya surua akiwa na miezi 9, nawe nyosha mkono. Ya nne ni mwaka mmoja baadaye, ya tano mwaka mwingine tena. Mbili hukupa kinga ya miaka 3 hivi, tatu miaka 5, nne miaka 10, na tano zinakutosha umri wote wa kuzaa. Ukichelewa huanzi upya, unaendelea ulipoishia, mradi tarehe zipo. Mwombe nesi azinakili kwenye kadi ya mtoto pia. Kadi ya mimba hutupwa kabatini mtoto akishazaliwa, na ndivyo mwanamke wa uzazi wa nne anavyojikuta anaandikiwa tena “dozi ya kwanza”.

SWALI: Mkwe wangu atajifungulia hospitali, kitovu kitakatwa kwa vifaa safi. Sindano ya nini tena?
Bibi Mwanahamisi, Pangani

JIBU: Kitovu hukatwa hospitali, lakini hukauka na kudondoka nyumbani. Vijidudu vya pepopunda viko kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, vimejifungia katika maganda magumu yanayodumu miaka. Majivu, vumbi la ukutani au samadi ikipakwa kwenye kidonda kile, vinaingia. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga, yaani chini ya mgonjwa 1 kwa kila watoto hai 1,000 katika kila wilaya. Udongo haukubadilika lakini.

Kwa hiyo, bibi, kitovu kiache kikavu na wazi, nepi ifungwe chini yake. Kama kliniki imewapa dawa ya klorheksidini ya asilimia 7.1, ni ya kitovu tu. Ikiingia machoni inajeruhi. Na ukimwona kichanga aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza ameacha ghafla kati ya siku ya 3 na ya 28, taya zimekaza, mwili unakakamaa kila akiguswa au mlango ukigongwa, usiseme ni degedege ukatafuta mganga. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Mume wangu ameniwekea ngumu. Anasema sindano hii inafunga kizazi, ndiyo maana wanachomwa wanawake tu.
Msomaji, Kitui

JIBU: Uvumi huo ulipamba moto Kenya mwaka 2014. Wanawake wanalengwa kwa sababu mtoto huanza chanjo zake za pepopunda akiwa na wiki 6, na ugonjwa humpata ndani ya siku 28. Hapo katikati hana kinga ila ya mama. Na mwulize mzee: ratiba ya dozi tano inayohesabu uzazi wa miaka mingi ijayo, ya kufunga kizazi itakuwaje?

SWALI: Niko Leicester, mimba ya wiki 26. Nimetajiwa kifaduro na RSV. Dada yangu Tanga anachomwa ya pepopunda tu.
R., Uingereza

JIBU: Uingereza huchanja wajawazito dhidi ya kifaduro tangu 2012, kuanzia wiki ya 16, na dhidi ya RSV, virusi vinavyoziba njia ndogo za hewa za kichanga, tangu Septemba 2024, kuanzia wiki ya 28. Ya kifaduro waweza kuchomwa sasa, ina pepopunda na dondakoo ndani yake. Dada yako afuate ratiba ya kliniki yake, na mtoto asicheleweshwe penta ya wiki 6, chanjo moja ya magonjwa matano, maana ndiyo yenye kinga ya kifaduro.

SWALI: Friji ya zahanati ilishuka chini ya sifuri usiku. Chupa za Td, chanjo ya pepopunda na dondakoo, hazijaganda kwa macho. Nizitumie?
Muuguzi, Mbulu

JIBU: Macho hayatoshi. Td ina chumvi ya alumini. Ikiganda hujikusanya vibonge na chanjo hupoteza nguvu, hata ikishayeyuka. Chupa iliyo barafu kabisa tupa bila kupima. Kwa zenye shaka, chukua moja ya toleo na kiwanda kile kile, igandishe usiku kucha, iandike IMEGANDISHWA, iache iyeyuke yenyewe. Ishike pamoja na yenye shaka kwa mkono mmoja, zitikise kwa nguvu sekunde 10 hadi 15, ziweke mezani na uzitazame hadi dakika 30. Yenye shaka ikitulia polepole kuliko iliyogandishwa, ni nzima. Zikitulia sawa, au yenye shaka ikatangulia, tupa, na mama aliyechomwa kutoka chupa hizo dozi isihesabiwe.

Kisha tafuta chanzo. Mara nyingi ni chupa kugusa ukuta wa barafu, au mtu ameongeza ubaridi jioni akihofia umeme kukatika. Td hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ukienda kliniki ya mkoba, pakiti za barafu ziache nje kwanza, mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo uzipange na chanjo.