Maswali ya Wasomaji: Injini Iliyotoka Baharini Kuja Ziwani

SWALI: Mzee fundi, shikamoo. Mimi ni mvuvi wa mwalo wa Kasenyi, karibu na Entebbe. Nimenunua injini ya boti iliyotumika, yenye nguvu za farasi 40, iliyoletwa kwa lori kutoka Mombasa. Aliyeniuzia alisema ilikuwa ikifanya kazi baharini, lakini akanihakikishia kwamba sina haja ya kuiosha, kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria ni matamu na yangeisafisha yenyewe. Wiki mbili za mwanzo ilikwenda vizuri. Sasa mchirizi wa maji unaotoka ubavuni umekuwa mwembamba kama uzi, na kichwa cha injini kinapata moto hata sithubutu kukigusa. Je, nilidanganywa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza kabisa, usiiwashe tena kwenda kuvua mpaka umalize kusoma jibu hili, kwa maana injini inayopata moto kiasi hicho inaweza kuharibu gasketi ya kichwa, au hata pistoni kukwama ndani ya silinda, kwa safari moja tu.

Aliyekuuzia alisema nusu ya ukweli. Chumvi ambayo bado ni mbichi huyeyuka katika maji matamu, na ndiyo sababu wenye boti wa pwani huosha injini zao kila warudipo kutoka baharini. Kila lita ya maji ya bahari ina chumvi yapata gramu 35, kwa hiyo jerikeni moja la lita 20 hubeba karibu gramu 700. Maji hayo ndiyo yanayopita ndani ya injini kuipoza, na sehemu yake hutokea kwa ule mchirizi wa ubavuni. Injini ikizimwa bila kuoshwa, yaliyobaki katika vinjia hukauka, na chumvi hubaki. Waliowahi kufika Ziwa Katwe, kule Kasese, wameona jinsi maji yakikaushwa na jua yanavyoacha gamba gumu kwenye mabwawa ya chumvi. Ndani ya injini hutokea jambo la namna hiyo, ila humo hakuna mtu wa kulikusanya gamba hilo.

Injini yako huenda ilikaa kavu miezi mingi kabla ya kukufikia. Katika muda huo chumvi ilikula alumini, na unga mweupe utokanao na kutu ya alumini ukashikamana na chumvi pamoja na chokaa ya maji ya bahari. Gamba la namna hiyo haliyeyuki kwa maji matupu. Maji ya ziwa yalipoanza kupita, yaliyeyusha chumvi iliyokuwa ikilishikilia, likamomonyoka vipande vipande, navyo vikaziba njia nyembamba. Ndiyo maana injini ilikwenda vizuri mwanzoni, kisha ikaanza kupata moto.

Anza na jambo jepesi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, chukua kipande cha uzi mnene wa mshipi, ukipitishe polepole katika tundu la ule mchirizi. Mchirizi ukirudi kuwa na nguvu na kichwa kikaacha kupata moto, takataka zilikuwa hapo mlangoni tu. Usiporudi, fungua pampu ya maji uitazame impela, yaani gurudumu dogo linalosukuma maji: mabawa yake ya mpira yakiwa yamelala upande mmoja, yamepasuka au yamekuwa magumu, nunua mpya. Chembe za chumvi husaga mpira huo kama msasa.

Kisha itoe themostati, ambayo ni mlango mdogo unaozuia maji mpaka injini ipate joto la kazi. Ifunge kwa uzi, uining'inize katika sufuria ya maji jikoni, uyapashe moto huku ukiitazama. Inapasa ifunguke kabla maji hayajachemka, na ifunge tena yakipoa. Nimefungua injini nyingi za baharini, na zaidi ya mara moja nimekuta themostati imegandishwa na chumvi kama iliyomwagiwa saruji.

Sasa uoshaji wenyewe. Toa pangaboi, usimamishe injini katika pipa imara, ujaze maji safi mpaka yapite midomo ya kunyonyea maji na kuifunika pampu. Iwashe gia ikiwa huru, kwa mwendo wa chini kabisa, uiache dakika 10 au zaidi ili ipate joto na themostati ifunguke, kwa sababu mlango huo ukiwa umefungwa, maji hayapiti ipasavyo katika njia zinazozunguka silinda. Badilisha maji ya pipa, urudie. Fanya kazi hii nje penye hewa, kwa maana moshi wa injini huua katika chumba kilichofungwa. Usiiwashe hata kidogo ikiwa kavu. Impela isiyo na maji huungua kwa sekunde chache.

Ikiwa baada ya hayo bado inapata moto, gamba limebaki ndani, na kichwa lazima kifunguliwe kikwanguliwe kwa mkono. Hapo tafuta fundi mwenye subira. Bolti za chuma zilizokaa ndani ya alumini yenye chumvi hushikana nayo, na mwenye haraka huzikata. Mimi mwenyewe nilikata mbili katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na kuzitoa kulinigharimu siku nzima. Asije mtu akakushauri kumimina tindikali ya betri ili kuyeyusha uchafu, kwani itakula alumini ya injini pia.

SWALI: Sisi wa Kalangala hatujaiona bahari. Je, kuosha injini kunatuhusu?

JIBU: Kunawahusu, ingawa si kila siku. Mchanga wa mwaloni, matope na mizizi ya magugu maji huingia katika midomo ya kunyonyea. Ukipita penye magugu au ukigusa mchanga, safisha midomo hiyo ufikapo nyumbani, na ukiweza, osha kwa pipa.

SWALI: Niko Jinja. Fundi mmoja ameniambia kile kipande cha madini kilichofungwa karibu na pangaboi hakina kazi ziwani, nikitoe. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, usikitoe bila kuweka kingine. Kipande hicho huitwa anodi, na kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya injini. Injini iliyotoka baharini kwa kawaida huja na anodi ya zinki, ambayo katika maji matamu hujifunika utando na kuacha kufanya kazi, na pengine hilo ndilo fundi wako aliloliona. Ziwani inafaa ya magnesiamu, au ya alumini ikiwa hukuipata. Usiipake rangi hata kidogo, na ikishaliwa nusu yake, weka nyingine. Ukiuza injini hiyo kwa mtu wa pwani, mwambie aitoe ile ya magnesiamu kabla ya kuishusha majini, kwa sababu katika maji ya chumvi huisha upesi mno.