Maswali yenu ya poka: lini uweke zote, lini utupe

Mimi ni mvumilivu, nangojea karata nzuri tu. Lakini jetoni zangu zinakwisha polepole kabla ya meza ya mwisho. Nakosea wapi? (Katuba)

Unangojea kupita kiasi, ndugu yangu. Kwenye shindano blaindi, yale madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa, zinapanda, nazo hazikungojei. Usitazame ukubwa wa rundo, hesabu jetoni zako zinatosha blaindi kubwa ngapi. Zikibaki kama 10, acha mchezo wa kulipa kidogo ili uone karata za mezani: weka jetoni zote au tupa karata. Ukiwa kwenye nafasi ya mgawaji na waliotangulia wote wametupa, asi na karata yoyote inatosha.

Karata mbili za alama moja si ni bora? (Ruashi)

Kidogo mno. Zinakuongezea asilimia 3 hivi ya kushinda. Tisa na tatu za alama moja bado ni takataka.

Tulianza watu 20, dola 10 kila mtu. Tukabaki 4 wenye jetoni sawa, na wanaolipwa ni 3: dola 100, 60 na 40. Mmoja akaweka zote, mimi nikatupa asi na mfalme. Mpaka leo wananicheka. (Bel-Air)

Waache wacheke, yaya. Pale ulipokuwa, nafasi yako ilikuwa na thamani ya dola 50. Ukimfuata na kushinda, unashika nusu ya jetoni zote, lakini thamani yake haifiki 100. Ni kama 77, maana zawadi ya kwanza na ya pili huwezi kuzibeba zote mbili. Ukishindwa, unarudi nyumbani mikono mitupu. Unaweka 50 hatarini ili uongeze 27, kwa hiyo lazima uwe unashinda mara 65 katika 100. Asi na mfalme hufika hapo kwa shida, tena mbele ya mtu aliyeweka zote bila hata kuangalia karata zake! Huyo wenu nadhani aliangalia.

Ila mjanja wa meza alikuwa yeye. Hesabu hiyo iliwafunga ninyi watatu wote. Safari ijayo mtangulie.

Kweli kuna mtu aliyeanza na dola 86 akapata mamilioni? (Kamalondo)

Kweli. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, Marekani, aliingia kwa dola 86 kwenye shindano dogo la intaneti, akapata tiketi ya lile kubwa la Las Vegas lenye kiingilio cha dola 10,000. Mwaka 2003 akaondoka na milioni 2.5. Walicheza 839, na wale wengine 838 hamniulizi habari zao. Minervali ya watoto isiguswe.

Tuko 9, tunataka kuanza saa mbili usiku na kumaliza saa tano. Tupangeje blaindi? (Kampemba)

Papa, mpe kila mtu jetoni za 2,000. Jumla 18,000. Mchezo huelekea kuisha blaindi kubwa ikifika kama sehemu ya ishirini ya hizo, yaani 900 hivi. Anzeni 25 na 50, kisha pandisheni kila dakika 20: 50 na 100, 75 na 150, 100 na 200, 150 na 300, 200 na 400, 300 na 600, 400 na 800, 500 na 1,000. Anayechelewa, blaindi zake zikatwe bila huruma. Umeme ukikatika, simamisheni saa kwanza, tochi baadaye.