Dawa imegeuka maziwa, magauni yametoka madoadoa

SWALI: Shikamoo mzee. Natia rangi magauni ya kwaya, kitambaa ni polista. Duka la kemikali waliniuzia rangi ya dispesi pamoja na chupa ya dawa ya maji iliyoandikwa "nonayoniki", wakasema inazuia rangi isigande. Nilitia vijiko vitatu, na konzi ya chumvi kama ninavyofanya kwa pamba. Maji yalipokaribia kuchemka yakawa meupe kama maziwa, na magauni yakatoka na vidoti vyeusi. Nilitaka damu ya mzee. Muuzaji anasema nilizidisha moto, mimi nasema dawa ni feki. Nani mkweli?
Msomaji, Nyakato, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dawa si feki, na muuzaji naye kasema nusu ya neno. Moto haukuzidi, polista bila moto mkali haishiki rangi kabisa. Ulichouziwa ni dawa ya kufulia na kulowesha, ukaipa kazi ya kutawanya rangi kwenye maji yanayochemka. Hiyo haiiwezi.

Kabla hujagombana na mtu, fanya hivi. Tia maji kwenye glasi safi, matone machache ya ile dawa, koroga. Utaona mpaka upande wa pili. Sasa isimamishe ndani ya sufuria ya maji, washa jiko, weka kipimajoto. Ukifika nyuzi hamsini na kitu au sitini na kitu, kutegemea dawa yenyewe, glasi itaingia ukungu ghafla, kama maji ya kuoshea mchele. Epua, iache ipoe. Itatakata tena, kana kwamba hakukuwa na kitu.

Kila chembe ya dawa hiyo ina mkia unaopenda mafuta na shingo ndefu inayopenda maji, ila haina chaji ya umeme, ndiyo maana ya "nonayoniki". Kinachoishikilia majini ni maji yenyewe yaliyoikumbatia shingo. Yakipata moto yanaachia, na dawa inajitenga vitone vitone. Rangi ya dispesi haiyeyuki majini, inaelea tu kama vumbi laini sana; ikikutana na vitone vile inavikimbilia na kugandamana navyo. Kitone kikigusa gauni, hilo ndilo doa. Chumvi nayo iligombea maji yaleyale, ukungu ukaingia mapema zaidi. Pamba inaitaka chumvi, dispesi haiitaki. Iache jikoni.

Haya nilijifunza kwa aibu. Mwaka 1987 nilikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda ambacho sitakitaja. Kitambaa kilikuwa kinagoma kulowa, nikaongeza lita mbili za dawa ya kulowesha kwenye mashine ya presha, ile inayofika nyuzi 130, bila kumuuliza mtu. Asubuhi msimamizi akatandaza mezani kitambaa cha bluu: vidoti vimetapakaa kama ufuta juu ya mkate. Hakusema kitu. Alilowesha kidole kwa mate, akasugua kidoti kimoja, akaninyooshea kile kidole, ncha yake bluu tupu. Mpaka leo sipendi bluu ile.

Tangu siku hiyo sikutia rangi bila kudondosha tone la maji ya rangi ya moto kwenye karatasi ya chujio. Likisambaa sawasawa, endelea. Likibaki na kiini cheusi katikati na duara hafifu pembeni, rangi imeshagandamana. Nguo isiingie humo.

Rudi dukani uombe dawa ya kutawanyia yenye chaji hasi. Ipo ya lignini, unga wa kahawia unaotokana na miti inayotengenezewa karatasi, na ipo ya naftalini. Hizo zinazipa chembe zote za rangi chaji ya aina moja, zikawa zinasukumana zenyewe, na moto hauzisumbui hivyo. Gramu 1 kwa lita inatosha. Nyunyizia rangi kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 50 huku unakoroga, usiimwagie maji ya moto. Weka siki kidogo, maji yawe na uchachu wa pH 5 hivi. Kisha pandisha moto taratibu, hasa ukivuka 70, maana hapo ndipo polista inapoanza kufunguka.

Lakini nikuambie ukweli: Mwanza mko juu zaidi ya mita 1,100, maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Damu ya mzee iliyoiva kwa sufuria ya wazi hutaipata bila keria, dawa ya kuifungua polista ishike rangi bila presha; harufu yake inaumiza kichwa, nami siishauri nyumbani. Tafuta mwenye chombo cha presha, au uwashawishi wanakwaya wakubali rangi nyepesi zaidi.

Magauni yenye madoa yajaribu kwa haidro (unga wa kung'oa rangi, sodiamu haidrosalfaiti) gramu 2 na kostiki (magadi makali, kostiki soda) gramu 2 kwa kila lita, nyuzi 70 hadi 80, dakika 20. Vaa glavu, fungua madirisha. Vidoti vilivyokaa juu ya uzi vitatoka. Vilivyozama ndani vitabaki, na hapo gauni litiwe rangi nzito zaidi.

Ile chupa yako usiitupe. Ifulie magauni kabla ya kutia rangi, kwenye nyuzi 50. Kwa kuondoa mafuta na jasho ni hodari sana. Suuza mara mbili isibaki kwenye nguo. Ila muulize muuzaji kama imetokana na nonilfenoli, kemikali inayotengenezewa baadhi ya dawa za aina hii. Mabaki yake yanajifanya homoni ya kike kwenye miili ya samaki, na tangu 2021 Umoja wa Ulaya hauruhusu nguo za kufuliwa ziwe nayo kufikia asilimia 0.01. Akisema hajui, mwombe karatasi ya maelezo ya dawa, na maji machafu yasiende kwenye mfereji unaoshuka ziwani.